Kuunganisha picha za kupatwa kwa mwezi ziwe video, mwezi unarukaruka

Pweza_Tanga
Wakuu habari za jioni. Nina picha za kupatwa kwa mwezi kule kwa tarehe 7 Septemba 2025, nilipiga na Canon lenzi ya 250mm juu ya tripodi ya kawaida, picha moja kila sekunde 30, kuanzia kivuli kinaanza kuumega saa 1:27 usiku mpaka ulipobaki mweupe wote. Zote ni RAW (faili ghafi za kamera) zipo folda moja. Nataka nizihariri kwa mpigo halafu ziwe video fupi. Nimezipitisha kwenye PIPP (programu ya kupanga picha za anga) ili mwezi ukae katikati, mwanzo unatulia vizuri kabisa ila kivuli kikishaingia unaanza kuhamia pembeni, ukiwa mwekundu ndo unaruka hovyo. Halafu mwanga unapepesa. Kuna njia isiyo ya kugusa picha mojamoja?

fundi_lenzi
Mkuu, PIPP inatafuta sehemu inayong'aa ndo inaiweka katikati, sasa mwezi ukiliwa nusu ile inayong'aa sio mwezi mzima tena, lazima ihame. Itumie kwa picha za mwezi mzima tu, na uzime kile kipengele cha kupanga fremu kwa ubora maana kitakuvurugia mpangilio wa muda.
Kwa zile zilizoliwa tumia ukingo. Andika skripti fupi ya Python na OpenCV (maktaba ya kuchambua picha) itafute duara lenye nusu kipenyo ileile kwa kila picha. Pima kwenye picha moja ya mwezi mzima, kwa lenzi yako kipenyo kitazidi pikseli 500. Ukishafunga hicho kipimo haitadanganywa na ukingo wa kivuli, kwa sababu kivuli cha dunia pale ni kipana zaidi ya mara mbili na nusu ya mwezi, tao lake limenyooka zaidi.

Mama_Darubini
Naongezea kwenye mwanga maana hapo ndo wengi wanaharibu kazi nzuri. Tafadhali usitumie programu ya kuondoa kupepesa, ile inasawazisha fremu zote zilingane, na kupatwa kwenyewe ni mwanga kupungua, utakuwa umefuta kitu chenyewe ulichokesha kukipiga! Fungua picha moja kwenye RawTherapee (programu ya kuhariri RAW), zima kila kitu cha oto, white balance (urari wa rangi) iwe namba moja isiyobadilika, hifadhi mipangilio hiyo kama profaili, halafu ibandike kwa zote na uzipeleke kwenye foleni. Programu isiamue chochote fremu kwa fremu.
Swali, ulibadilisha eksposha (kiasi cha mwanga kamera inachopokea) katikati?

Pweza_Tanga
Asanteni sana. Ndio, kutoka sekunde 1/250 mpaka sekunde 1 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) nikapandisha, kwenye mwekundu ilikuwa haionekani kitu.

Mama_Darubini
Basi tengeneza profaili mbili, moja ya kila eksposha, na pale zinapopokezana yeyusha fremu kadhaa za kundi moja ziingie kwenye jingine. Mtazamaji ataona mwezi unageuka mwekundu bila mshtuko. Na hiyo sekunde 1 bila mashine ya kufuata anga mwezi umesogea kama pikseli 4, ukipunguza saizi ya video haitaonekana.

kaka_terminal
Kuunganisha ni ffmpeg tu (programu ya video ya kuandikia amri), laptopu yoyote inaweza:

ffmpeg -framerate 24 -i mwezi_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p mwezi.mp4

Hiyo yuv420p (namna ya kuhifadhi rangi za video) usiiache, bila hiyo simu nyingi zinagoma kucheza. Upana na urefu ziwe namba shufwa. Kwa picha kila sekunde 30 utapata video ya sekunde 17 hivi.

Pweza_Tanga
Duara limekubali mpaka karibu na saa 2:30, baada ya hapo kwenye mwekundu skripti haioni ukingo.

fundi_lenzi
Kule ukingo mmoja ni hafifu sana. Tengeneza nakala ya kila picha, ipandishe mwanga na uififishe kidogo chembechembe zipungue, tafuta duara kwenye nakala halafu chukua vipimo vya kusogeza tu uviweke kwenye picha halisi. Nakala unafuta. Ikikosa fremu moja moja chukua wastani wa iliyotangulia na inayofuata, ila zile ambazo uligeuza tripodi katikati yake ziache, hizo weka kwa mkono.