Seva "imesafishwa", mvamizi bado yumo. Nyie mnaolipwa mnakagua nini?

Wakuu, leo nimechoka kukaa kimya. Kuna kampuni ya usalama wa mitandao tuliipa kazi ya kusafisha seva yetu ya Ubuntu baada ya kukuta programu ya kuchimba kripto inakula prosesa yote. Wakaiua, wakafuta kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), wakachungulia systemd (inayowasha huduma za seva), wakaandika ripoti: seva ni salama. Invoisi ikatua siku hiyohiyo.

Programu ileile ikarudi. Tena inarudi kila msimamizi akiingia kwa SSH, yaani kwa mbali! Kwa mtu wa kazi hii, hilo tu lilitosha kumwonyesha pa kutazama. Wao wakatujibu tubadilishe nywila.

Nikafungua mwenyewe /etc/profile.d, folda ya skripti zinazojiendesha mtu akiingia kwenye seva. Kuna skripti yenye jina la kistaarabu, kama ya mfumo. Ndani, amri imesukumwa mbali kulia kwa nafasi tupu, ukiitazama harakaharaka kwenye kihariri cha nano huioni. dpkg -S, amri inayotaja faili limetoka kifurushi gani cha programu, ikasema faili hilo halina kifurushi. Mtime (tarehe ya kuhaririwa) imerudishwa nyuma kwa amri ya touch, lakini amri ya stat inaonyesha ctime (badiliko la mwisho la faili au taarifa zake) ya usiku uleule tuliovamiwa. Kwa hiyo sisi wenyewe, kila tukiingia kazini, tulikuwa tunamwashia mwizi mtambo wake.

Na mbinu hii si ngeni, MITRE ATT&CK, orodha ya mbinu za wavamizi wa mitandao, wameipa namba kabisa, T1546.004. Anayelipwa kusafisha anapaswa kupitia mafaili yote yanayosomwa mtu akiingia: /etc/profile, /etc/bash.bashrc, .bashrc na .profile za kila mtumiaji azilinganishe na nakala asili zilizo /etc/skel, na ~/.ssh/rc. /etc/update-motd.d, inayotengeneza ujumbe wa kumkaribisha anayeingia, ndiyo inayonitisha zaidi: skripti zake kwenye Ubuntu huendeshwa na root, mwenye mamlaka yote, hata anayeingia akiwa mtumiaji wa kawaida. Wala wasiniambie waliendesha dpkg -V. Ile hukagua mafaili ya vifurushi tu, faili jipya lililopachikwa pembeni hailioni.

Hata kinga hawakuacha. Kanuni moja ya auditd (programu ya kurekodi matukio ya seva), -w /etc/profile.d -p wa, ingetuambia nani kaandika humo na lini.

Tunataka warudi wakague upya bila malipo, na ripoti itaje kila faili walilofungua. La sivyo hela yetu irudi. Simu hawapokei. Mwenye kujua timu inayopitia skripti za kuingia bila kukumbushwa, naomba aniunganishe nayo, maana seva nyingine walizogusa hawa sasa siziamini hata moja.