MJADALA: Taa za gesi za Hong Kong mwaka 1864 ziliwashwa kwa ajili ya nani?

Ndugu zangu, naleta hili kwenu kwa sababu wiki hii nimeisikia tena ile hoja kwamba mkoloni tumlaumu kwa mengine, lakini kwa taa za barabarani tumshukuru. Msemaji alitoa mfano wa Hong Kong: mwaka 1864 mji ule ulishaangazwa kwa gesi. Mimi napinga. Nitasema kwa nini, kisha nanyi mseme.

Tukio lenyewe ni la kweli. Waingereza walikitwaa kisiwa kile 1841, na mji waliouita Victoria ulikuwa mji wa wanajeshi na wafanyabiashara kwa pamoja. Kambi za jeshi zilikaa katikati kabisa, zikaugawa mji pande mbili. Kampuni ya gesi iliundwa 1862. Ikajenga mtambo West Point, upande wa magharibi, ikalaza mabomba chini ya ardhi na kuwasha taa zipatazo 500, kuanzia Queen's Road hadi mitaa ya juu mlimani. Makaa ya mawe yalishushwa melini, yakapashwa moto mkali ndani ya matanuru yaliyozibwa hewa isiingie, hadi yakatoa gesi. Gesi ikachujwa lami na salfa, ikahifadhiwa kwenye tangi kubwa la chuma lililopanda likijaa na kushuka likipungua. Kwa watu waliozoea taa za mafuta, zenye mwanga hafifu, mabadiliko yale yalikuwa makubwa. Hilo silikatai.

Sasa tushuke barabarani. Tangu miaka ya kwanza ya utawala ule, Mchina akitoka usiku alitakiwa awe na kandili inayowaka na cheti cha ruhusa. Mzungu hakutakiwa kuwa na lolote kati ya hayo. Mwaka 1857, wakati wa vita na China, sheria ikakazwa mno: mlinzi wa zamu aliruhusiwa kumpiga risasi Mchina aliyekutwa nje usiku asiposimama na kuitika akiitwa. Baadaye masharti yalibadilikabadilika, saa zikasogezwa huku na huku, lakini utaratibu wa kandili na cheti haukufutwa hadi 1897. Fanyeni hesabu. Kutoka 1864 hadi 1897 ni miaka 33. Kwa miaka yote hiyo mji ulikuwa na gesi, na bado mwenyeji aliweza kukamatwa usiku kwa kukosa kikaratasi.

Anayeiita taa ile zawadi, naomba anijibu hapa. Kama nguzo ilisimamishwa ili mkazi aone njia, kwa nini mkazi huyo atembee na kandili mkononi? Jibu ninaloliona mimi ni moja: kandili ilikuwa ya kumfanya yeye aonekane. Na gesi ilifanya kazi hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Askari aliyesimama pembeni aliweza kumwona mtu akiwa mbali, akamtambua kwa mavazi na nywele, akamwita.

Najua nitakachojibiwa: wizi ulikuwepo, nyumba zilivunjwa, mabaharia walevi walipigana, na mwanga ulimlinda hata muuza duka Mchina. Kweli kabisa. Yule muuza duka alifaidika, sitamnyima haki yake. Lakini naye alikuwa akilipa. Taa na polisi viligharimiwa kwa kodi ya majengo, na Wachina wenye majengo waliitoa kama wengine. Zawadi gani mtu anailipia kila mwaka, halafu anazuiwa kupita chini yake bila kibali?

Kuna hatari pia, ambayo watetezi hawaitaji. Mtambo uliwekwa kwenye ujirani wa Wachina, katikati ya nyumba za kupanga zilizobanana. Mei 1934 tangi la gesi la West Point lililipuka na watu zaidi ya 40 wakafa. Wakati huo baadhi ya barabara zilikuwa na taa za umeme tangu 1890. Gesi ikawa ya majikoni zaidi, lakini tangi lilibaki palepale.

Mwaka jana nilipitia Hong Kong nikitoka Guangzhou kuchukua mzigo, nikaenda kuziona taa nne za gesi zilizobaki Duddell Street. Ziko kwenye ngazi za mawe, ni urithi unaolindwa tangu 1979, na zilirekebishwa baada ya kuharibiwa na kimbunga cha Septemba 2018. Mwanga wake ni wa manjano laini, haufiki mbali. Mtu akiwa ngazi chache chini yako unaona mabega kwanza, uso baadaye. Watu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilisimama nikimfikiria mchukuzi wa mizigo anayepanda pale saa tatu usiku, mgongo unauma, huku anapapasa mfukoni kama cheti bado kipo.

Wenzangu wa Kenya nadhani mnaelewa upesi, kwa kuwa nanyi mlikuwa na kipande, kile cheti cha kuning'inizwa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Mwenye babu aliyewahi kumsimulia jinsi walivyotembea usiku Nairobi, atueleze hapa. Na mtetezi wa zawadi aanze na swali la kandili.