Ekari 6 za kiangazi kando ya Kikuletwa: kibali changu cha mto, mfereji wa jumuiya, au kisima?

MkulimaWaTambarare

Wakuu, heshima kwenu. Nina ekari 6 wilaya ya Hai, tambarare za chini kuelekea mto Kikuletwa. Nimezoea mahindi ya masika, sasa nataka kuhamia nyanya na vitunguu vya kiangazi maana bei ndiyo iko huko. Maji ndiyo swali. Naona njia tatu:

1. Niombe kibali changu mwenyewe cha kutumia maji, nivute mtoni kwa pampu.
2. Niingie kwenye jumuiya ya watumia maji yenye kibali cha mfereji unaopita juu ya shamba langu.
3. Nichimbe kisima kirefu shambani na kukiombea kibali.

Bei za pampu na mabomba nimeshazipigia hesabu, hizo tuziache. Nataka kujua ipi inapatikana bila kusumbuana sana na ipi inadumu. Kuna jirani kaniambia niweke pampu tu, eti mto ni wa Mungu. Aliyepitia atupie neno.

---

MzeeWaBanio

Mto ni wa Mungu, ila pampu ni ya kwako na ndiyo itakayokamatwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote nchini ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kuchota ya kunywa na kupikia, kuvuna mvua ya matumizi ya nyumbani, au kuchimba kwa mkono kisima cha nyumbani, hapo huhitaji kibali. Vitunguu vya kupeleka sokoni si matumizi ya nyumbani, hata uvibebee maji kwa ndoo.

Ofisi yako ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, makao yake Moshi. Naliandika hili kwa faida ya wengine, maana watu huzunguka halmashauri bure. Nchi ina mabonde tisa na mipaka yake hufuata mito inakoelekea, haifuati mikoa. Unaweza kuwa mkoa mmoja na jirani yako na bado kila mmoja akaombea kwenye bodi yake.

Kura yangu ni namba 2. Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na chini ya hapo kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Masika maji yapo. Wewe unaomba ya kiangazi, wakati kila lita mtoni ina mwenyewe tayari. Mwombaji mpya atasikilizwa, sikatai, lakini usitegemee kupewa kiasi unachotaka kwa miezi unayoitaka.

---

Haidro_Dada

Kabla hatujapiga kura tuweke hesabu mezani, kwa sababu fomu itakuuliza kiasi cha maji, na hapo ndipo wengi wanapoandika namba ya kubuni.

Mboga iliyokomaa kwenye joto la tambarare inaweza kula milimita 6 kwa siku. Kwa ekari moja hiyo ni takriban lita 24,000 kwa siku. Ekari 6 ni kama lita 145,000, hayo ni maji yanayofika kwenye mizizi. Ukimwagilia kwa mabomba ya matone unaongeza kidogo. Ukimwagilia kwa mifereji ya udongo, nusu inaweza kupotea njiani, kwa hiyo banioni, yaani pale unapochepusha maji mtoni, unahitaji karibu lita 290,000.

Sasa geuza iwe lita kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400, hivyo 290,000 ni kama lita 3.4 kwa sekunde, mchana na usiku. Lakini pampu haizunguki saa 24. Ukiiwasha saa 8 tu, kupata maji hayohayo itabidi ivute lita 10 kwa sekunde. Mtu anaandika 10 kwenye fomu bila kutaja saa za kuvuta, na mtaalamu wa bonde anasoma lita 864,000 kwa siku. Ombi linarudishwa, au linapita na bili ya mwaka inakuja kwa maji ambayo hajawahi kuyaona. Andika vyote viwili: kasi ya kuvuta, na jumla kwa siku.

Mengine utakayoulizwa: chanzo, eneo la banio pamoja na majira ya nukta yake (namba za GPS), ukubwa wa shamba, zao, njia ya kumwagilia, na maji ya ziada yanarudi wapi. Ambatanisha uthibitisho wa ardhi na barua ya serikali ya kijiji. Wataalamu watakuja kuona na kupima mto, majirani watapewa nafasi ya kuweka pingamizi, kisha bodi itaamua. Kwa kawaida unaanza na kibali cha muda kinachokuruhusu kujenga. Ukimaliza wanakagua, ndipo unapewa kibali kamili. Ukijenga kitu tofauti na ulichochora, ukaguzi huo ndio utakaokukwamisha.

---

KisimaKwanza

Nashangaa namba 3 mnaipita kama haipo. Kisima hakina zamu ya saa nane usiku, hakina mtu wa juu wa kufunga mfereji, hakina mkutano wa kila mwezi. Mimi nilishachoka kusuluhishwa. Nimechimba, nina kibali, nina dira ya kupimia maji, nalipa ada, basi.

Utaratibu ufuate kwa mpangilio wake: upimaji wa kitaalamu wa maji chini ya ardhi, kibali cha kuchimba, halafu mchimbaji mwenye leseni. Asikudanganye mtu kwamba utachimba kwanza na makaratasi yatafuata. Kisima kikikamilika mchimbaji anatoa ripoti: kina, tabaka za miamba, maji yalipokutwa, na matokeo ya jaribio la kuvuta maji. Ripoti hiyo ndiyo inayobeba ombi lako la kibali cha kutumia, kwa hiyo usimmalizie mchimbaji malipo yake kabla hujaishika mkononi.

---

Haidro_Dada

Kaka KisimaKwanza, kwako imekubali, lakini kule chini kuna mambo mawili.

La kwanza, uwezo. Kisima cha lita 5,000 kwa saa watu wanakishangilia. Ukivuta saa 10 unapata lita 50,000. Gawanya kwa 24,000: ekari mbili. Mwenzetu ana sita. Na jaribio la kuvuta ni la saa nyingi mfululizo, wakiandika maji yameshuka mita ngapi na yanarudi kwa kasi gani. Si la kuwasha pampu nusu saa, mkapiga picha, mkaondoka.

La pili, magadi. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Meru na kushuka Kikuletwa mara nyingi yana sodiamu nyingi na floraidi. Floraidi inajulikana, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na Arusha kuna vyanzo vinavyopita hapo mbali. Ila kwa mkulima adui mkubwa ni sodiamu. Udongo wa mfinyanzi ukinyweshwa maji ya magadi msimu baada ya msimu unashikana, maji yanasimama juu, kitunguu kinadumaa. Peleka sampuli maabara, na uwaambie ni ya kumwagilia ili wapime na sodiamu. Kibali kinakuruhusu kuvuta maji. Kama yanakufaa, hiyo ni kazi yako kujua.

---

Mpunga_Mbarali

Nawasalimu kutoka Usangu. Sisi huku ni bonde la Rufiji, ofisi Iringa, na tuna la kuwaambia kuhusu vibali.

Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu miaka ya 1990. Vibali vilikuwepo. Tatizo, kibali kinaandika kiasi, na mto haujasoma kibali. Skimu (mradi wa umwagiliaji) ya juu ikichukua kilichoandikwa kwake mwezi wa kumi, wa chini anabaki na karatasi tupu. Na ukame ukizidi bodi ina mamlaka ya kupunguza mgao wa kila mtu, wewe wa kibali binafsi ukiwemo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye jumuiya yoyote liwe hili: kibali chenu kinasema lita ngapi masika na ngapi kiangazi? La pili: shamba langu liko wapi kwenye mfereji? Umesema mfereji unapita juu ya shamba lako. Juu kwa maana ya mwinuko, au uko mkiani? Anayekaa mkiani hulipa ada sawa na wa kichwani na kupata maji wenzake wakishalala.

---

MkulimaWaTambarare

Ni mkiani kwa kweli, baada yangu kuna mashamba machache tu. Na Haidro_Dada, hesabu yako imenitisha kidogo. Je, hiyo jumuiya ni sawa na ile inayosimamia bomba la kijiji? Maana viongozi wanafanana.

---

MzeeWaBanio

Hapana, usivichanganye. Bomba la kijiji liko chini ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu wakala huo uanze mwaka 2019. Jumuiya ya watumia maji ni ya chanzo: inagawa zamu, inalinda chanzo, inasuluhisha, na inaweza kukusanya ada kwa niaba ya bodi ya bonde. Kisha kuna vyama vya wamwagiliaji vya skimu, ambavyo mlezi wao ni Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Watu walewale wanaweza kuongoza vyote vitatu, ndiyo maana risiti zinachanganyikana. Soma jina lililo juu ya risiti.

Kwa mkiani kura yangu inalegea, nakiri. Mifongo yetu ya mlimani, ile mifereji ya asili, ina zamu zilizorithiwa kutoka kwa mababu, na mgeni wa mkiani hapati zamu nzuri kwa kulipa kiingilio. Anaipata kwa kutokea siku ya kusafisha mfereji na jembe lake. Utatokea?

---

Risiti_Zote

Mmezungumza sana kupata, yeye ameuliza na kudumu. Naongea kama mtu anayetunza mafaili ya shamba.

Ada ya mwaka inafuata kiasi kilichoandikwa kwenye kibali na aina ya matumizi. Bili ikija, omba kontroo namba, lipa, chapisha risiti, weka kwenye faili moja na kibali. Deni la mwaka mmoja halitishi mtu. Likirundikana ndipo unaposikia habari ya kusimamishiwa kibali. Usipolima mwaka huo usikae kimya, waandikie barua upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kibali kisichotumika muda mrefu kinaweza kufutwa, na bila barua hutakuwa na utetezi.

Dira. Kisimani ni rahisi, inafungwa kwenye bomba na unaandika namba kila jioni kwenye daftari. Kwenye mfereji wanatumia kizuizi chenye pengo la V. Kwa pengo la nyuzi 90, maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya chini, yanapita kama lita 4.4 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 20 ni karibu lita 25. Kina kimeongezeka mara mbili, maji zaidi ya mara tano. Ndiyo maana mtu "akiinua kidogo tu" ubao wa banio, wakulima wa chini wanalia. Rula iliyopigwa misumari hapo na daftari lenye tarehe vimemaliza ugomvi mwingi kuliko vikao.

Masharti mengine yanayowaponza watu: kuongeza ekari bila kuomba nyongeza, kuhamisha banio mita mia juu kwa sababu mto umehama, na kununua shamba ukadhani kibali chenye jina la muuzaji kinakutosha. Yote hayo yanaanzia ofisi ya bonde kabla hujafanya, si baada. Tena kuna mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, shughuli za kudumu haziruhusiwi humo kando ya mto. Mtu ana kibali safi cha maji, halafu nyanya zimeshuka mpaka kwenye matete. Akija mkaguzi hataanza na dira.

Muda wa kibali umeandikwa humohumo. Anza kuomba kuhuisha kabla haujaisha.

---

KisimaKwanza

Mimi bado nasema kisima. Ila achimbe akilenga ekari mbili za matone za kiangazi, nne azilime masika. Nani alisema lazima sita zote?

---

Haidro_Dada

Hapo tumekutana. Ekari mbili za matone ni lita 50,000 na ushee kwa siku, na hata kibali cha mto cha kiasi hicho ni ombi linalosikilizika kuliko lita 290,000. Linganisha upya kwa ekari mbili, utaona majibu yanabadilika yote.

---

MkulimaWaTambarare

Nimewaelewa wakuu. Kwa ekari mbili naona nianze na jumuiya, huku napeleka maji ya kisima cha jirani maabara nione magadi kabla sijamwita mpimaji. Leo nimemuuliza katibu lita za kiangazi. Kaniambia kibali kipo ila nakala anayo mwenyekiti wa zamani.

---

Risiti_Zote

Usilipe kiingilio bado. Nenda Moshi na jina la mfereji na jina la kijiji, bodi ina rejesta ya vibali. Uliza vitu vitatu: kibali kina jina la nani, kinaisha lini, na ada imelipwa mpaka mwaka gani. Kama kuna deni la nyuma, utakapoingia litagawanywa na kwako.

---

MzeeWaBanio

Na ukienda, mchukue katibu. Ukienda peke yako watasema mgeni wa mkiani kaenda kuwashitaki.