Saa yasema mapigo yangu hayapishani vya kutosha: je, nina hatari ya kisukari?

Swali

Habari zenu, wanajamvi. Nina umri wa miaka 46, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikilala na saa inayopima jinsi muda kati ya pigo moja la moyo na lingine unavyobadilika. Wastani wangu ni milisekunde 22, na saa inasema ni kiwango cha chini. Nimesoma kwamba watu wa namna hii hupata kisukari cha aina ya pili kuliko wengine, na mama yangu anaugua ugonjwa huo. Je, nianze kujihesabu kuwa mgonjwa?

Jibu la 1

Ulichosoma kina msingi, ndugu. Utafiti wa ARIC wa Marekani, uliofuatilia watu wazima wa makamo kwa miaka kadhaa, ulitoa mwaka 2003 matokeo yanayoonyesha kwamba waliokuwa na baadhi ya vipimo hivyo vikiwa chini, pamoja na wale ambao moyo wao ulienda mbio hata wakiwa wamepumzika, waliugua kisukari zaidi. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani: neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kuutuliza moyo, huupunguza kasi kila tunapotoa pumzi. Neva hiyohiyo hufika kwenye kongosho na kusaidia kutoa insulini, ilhali neva za mshtuko, zinazouandaa mwili kukabili hatari, huliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu. Upande wa kwanza ukilegea, mapigo hupishana kidogo, na wa pili hutawala.

Jibu la 2

Naafiki, ila mwenzangu ameelekeza mshale upande mmoja tu. Sukari inapopanda, hata kabla haijafikia kiwango cha kisukari, neva za moyo huanza kuathirika. Tena unene na kukaa bila mazoezi huharibu vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo namba hiyo yaweza kuwa chanzo, yaweza kuwa matokeo, na yaweza kuwa shahidi tu wa jambo la tatu.

Isitoshe, namba hiyo hushuka kwa umri, pombe, homa, usingizi mbaya na baadhi ya dawa. Saa husoma mwanga unaopita kwenye ngozi, wakati watafiti hutumia kipimo cha umeme wa moyo, na kila kampuni ina kanuni yake ya kukokotoa. Mimi nisingeilinganisha na ya mtu mwingine hata kidogo.

Pima damu. Sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi ukiwa hujala tangu usiku, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) ya asilimia 6.5 au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ndiyo kisukari. HbA1c ya 5.7 hadi 6.4, kwa vigezo vya Marekani, ni hatua ya kuelekea huko, na hapo kuna nafasi kubwa ya kuuzuia ugonjwa: jaribio lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kuwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kulipunguza ugonjwa kwa asilimia 58, na dawa ya metformini kwa 31.

Mwuliza swali

Asanteni sana. Mmetaja dawa: kila usiku mimi hutumia amitriptilini kwa ajili ya kipandauso. Je, nayo imo?

Jibu la 2

Imo, na ungeanza nayo! Dawa hiyo huzuia kazi ya vagasi kwenye moyo, na wengine huwaongezea uzito. Usiiache kwa uamuzi wako. Mweleze daktari siku utakayokwenda kupima sukari.