Naomba ushauri: nimonia ya maji kwa mgonjwa aliyepandikizwa figo

Wakuu, heshima kwenu. Niko Ujiji, Kigoma. Kaka yangu alipandikizwa figo mwaka jana, na kila siku anameza dawa za kushusha kinga. Mwezi uliopita alilazwa siku nne kwa tatizo jingine. Siku ya sita baada ya kurudi nyumbani: homa kali, kikohozi, kuharisha. Vipimo vikaonyesha lejionela, bakteria wa kwenye maji anayeleta nimonia. Alhamdulillah anaendelea vizuri, ila mimi silali.

Bakteria huyu kwa kawaida hatoki kwa mgonjwa kwenda kwa mtu mwingine. Huvutwa na pumzi kwenye matone madogo ya maji, au maji yakimpalia mtu. Hustawi kwenye maji vuguvugu, nyuzi 25 hadi 45 hivi. Tangi letu jeusi linashinda juani, na ndani limejaa utelezi. Lakini dalili huanza siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa, mara nyingine 14, kwa hiyo bafu la wodini nalo siwezi kuliondoa kwenye hesabu.

Ninavyoelewa, kipimo cha mkojo pekee hakionyeshi chanzo. Bakteria aoteshwe kutoka kwenye makohozi yake, kisha alinganishwe na wa kila bomba.

Sasa, sampuli ya maji nichukueje? Tangi nimekataza lisisafishwe kwanza, nimekosea? Nianzie kwa afisa afya wa manispaa? Kwa sasa kaka anaoga kwa ndoo na kopo, maji yaliyochemshwa yakapoa. Waliowahi kuuguza mgonjwa wa figo, nisaidieni.