Tupeane uzoefu: lambo la kwenu bado linashika maji au limeshajaa tope?

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni wa Meatu, Simiyu, kule kiangazi mito yote mchanga mtupu, ng'ombe wanategemea lambo, lile bwawa la tuta la udongo la kukinga maji ya mvua. Letu zamani lilitufikisha Oktoba, sasa hivi Julai haijaisha limebaki tope, mwaka juzi ndama wa baba mdogo alinasa tukamvuta watu sita kwa kamba na bado akafa. Watu wamelima mpaka ukingoni wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, mvua ya kwanza ikipiga udongo wote unaingia lamboni. Kwenu mmefanyaje?

Mama wa Kitui: Pole sana ndugu yangu. Huku tunaita silanga, yetu tulichimba kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, jembe na karai, kina mama ndio wengi. Kilichotuokoa ni kidimbwi tulichochimba pale maji yanapoingilia, yanatulia hapo kwanza yanaacha mchanga ndio yanaendelea, kila kiangazi tunakizoa siku mbili tu tumemaliza. Kuzoa silanga nzima ni kazi ya kufa mtu.

Wa Chamwino: Nyie chungeni utoro, ile njia ya kutolea maji lambo likijaa! Kwetu kuna watu walipanga viroba vya mchanga kwenye utoro eti lambo libebe maji mengi zaidi, usiku mvua ikashuka, maji yakakosa pa kutokea yakapanda juu ya tuta. Tuta la udongo maji yakishapita juu yake limekwisha hilo, asubuhi tukakuta pengo la kupitisha lori, misimu miwili tukawa tunanunua maji kwa dumu. Inaniuma mpaka leo. Na miti juu ya tuta msiache iote, mizizi ikioza inaacha njia ya maji, pandeni nyasi.

Mfugaji Kishapu: Sisi tumezungushia miba na katani, ng'ombe hawakanyagi ndani kabisa, kuna bomba limepita chini ya tuta linapeleka maji kwenye mbauti, birika la kunyweshea mifugo, wanakunywa huko. Tuta halibomoki na maji ya nyumbani hayana kinyesi.

Mwanzisha mada: Asanteni sana jamani. Mama wa Kitui hicho kidimbwi ukubwa gani? Jumamosi tuna mkutano wa kijiji nataka niende na jibu.

Mama wa Kitui: Chetu ni hatua kumi kwa sita, kina kinanifika kiunoni. Udongo mkiuzoa msiumwage kandokando utarudi humohumo, sisi tunapeleka shambani.