Tupeane uzoefu: ushauri nasaha kwa wanandoa wenye ulemavu, Moshi na Arusha

MamaPasua: Ndugu zangu, naomba tuelezane tulivyopokewa tulipotafuta ushauri nasaha, hasa sisi ambao ndani ya nyumba zetu kuna ulemavu. Naanza mimi. Ninaishi Pasua, Moshi; mimi ninasikia, mume wangu ni kiziwi. Tulipofikia kuzungumzia talaka tulikwenda kwenye baraza la usuluhishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite huko kabla ya mahakamani. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo, nikaambiwa nitafsiri mwenyewe, yaani mlalamikaji ndiye awe kinywa cha mlalamikiwa. Wajumbe walinitazama mimi tu, wakirudia "mwambie mumeo", naye akabaki kuangalia midomo. Maneno yake mengine niliyafupisha, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye tulimpata mshauri aliyekuja na mkalimani asiye ndugu wa upande wowote. Alimketisha kando yake, akageuza viti ili mwanga wa dirisha uangukie mikono ya mkalimani, kisha akamtazama mume wangu usoni na kumuuliza, "Wewe unaumizwa na nini?" Alijibu karibu nusu saa. Ndipo nilipojua kwamba kila ninapozungumza na simu mezani huku nikicheka, yeye hudhani anasengenywa.

Ngarenaro: Pole sana, dada. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na ualbino, na ukweni wakasema nimezaa nje. Mshauri wetu hapa Arusha alimsikiliza kwanza mume wangu peke yake, kisha akatuita sote wawili na kutuchorea jinsi mtoto anavyorithi ualbino kutoka kwa baba na mama pamoja, hata kama wao wenyewe hawana, na kwamba kwa wazazi kama sisi kila mimba ina uwezekano wa robo. Mume wangu aliikunja karatasi ile, akampelekea mama yake Tengeru siku hiyohiyo.

KijanaWaKiboriloni: Shikamooni. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Ofisi niliyoelekezwa ilikuwa ghorofani, hivyo nilisikilizwa barazani huku watu wakipita. Yaliyonipeleka sikuyasema.

MamaPasua: Marahaba, mwanangu, na pole. Jumamosi tuna kikao. Nitamuuliza mshauri wetu kama anaweza kukufuata nyumbani.